Injini ya Vijiti Viwili

Ukitaka kujua pikipiki ya Kichina imetoka wapi, achana na jina lililo kwenye tenki. Lile ni stika tu, na stika hubadilika kila kontena jipya linapofunguliwa. Chuchumaa upande wa kushoto, karibu na kanyagio la gia, ufute tope kwa kidole gumba. Utakuta tarakimu na herufi zimegongwa kwenye chuma cha injini: 156FMI. Nyingine utakuta 162FMJ. Nilizijua namba hizo kabla sijaijua namba yangu ya mtihani wa darasa la saba, maana gereji ya fundi ilitazamana na nyumba yetu pale Moshi, na kila alipokwama alinituma dukani: "Dogo, kimbia, waambie wakupe gasketi za mia hamsini na sita."

Sikujua maana yake, na fundi naye hakuwa na haja ya kuijua. Nimekuja kuisoma ukubwani. Ile 1 ya mwanzo ni idadi ya silinda. 56 ni upana wa silinda kwa milimita. F inasema injini inapozwa na upepo, M inasema ni ya pikipiki, na herufi ya mwisho inataja ukubwa: I ni cc 125, J ni cc 150. Huo ni utaratibu wa viwanda vya China wa kuzipa injini majina. Lakini ile 56 haikuanzia China. Silinda yenye upana wa milimita 56.5, ambamo pistoni hupanda na kushuka milimita 49.5, ni kipimo cha Honda, kwenye pikipiki waliyoitoa mwaka 1976 wakaiita CG125. Vijana wengi niliokua nao wamekula kwa kipimo hicho, wamesomesha wadogo zao kwa kipimo hicho, na wengine wamevunjika miguu juu yake.

Naandika habari za injini hii kwa sababu bodaboda ikitajwa, watu huzungumzia ajali au ajira ya vijana, basi. Chombo chenyewe hakuna anayekitazama. Mimi nimekitazama tangu utotoni, na ninaamini kwamba kilichowafanya watu wa kwetu wakikumbatie kimo ndani ya chuma chenyewe, na kiliwekwa humo makusudi na watu waliojipa kazi ya kwenda kuangalia mtu asiye na hela anavyotumia pikipiki.

Baba mdogo alinunua ya kwake mwaka 2009, baada ya kuuza kahawa na ng'ombe mmoja dume. Wakati huo kwetu neno bodaboda lilikuwa bado geni. Tulisema toyo, kwa jina la moja ya pikipiki za kwanza kufika kutoka China, na hadi leo mzee wa Marangu akikuambia "nimekuja na toyo", usidhani anakutajia kampuni. Kabla ya hapo pikipiki ilikuwa ya bwana shamba, ya padri, au ya mganga wa zahanati. Ukisikia mlio wake migombani ulijua kuna jambo: ama chanjo, ama ekaristi ya mgonjwa. Sisi wengine tulishuka kwenye Hiace barabara ya lami, tukapanda mlima kwa miguu. Kutoka lami hadi kwa bibi ni kilomita nne za kupanda, njia yenyewe imebanwa kati ya mfereji na uzio wa masale. Mikungu ya ndizi iliteremka kwenda sokoni Kiboriloni ikiwa kichwani kwa akina mama, alfajiri, umande ukiwa haujakauka. Mama mjamzito akizidiwa usiku, alitafutiwa wanaume wanne na machela.

Ndani ya mwaka mmoja hayo yote yalipungua mbele ya macho yangu. Nakumbuka Jumanne moja, siku ya soko, baba mdogo anapanda na toyo yake: mbele kwenye tenki kiroba cha unga, nyuma mama mmoja na mwanaye, nyuma ya mtoto mkungu wa ndizi umelazwa kwenye keria na kufungwa kwa mpira wa tairi. Pikipiki yenyewe ina uzito wa kama kilo 110. Mzigo ule ulikuwa umeizidi kwa mbali. Alipanda kwa gia ya kwanza, polepole, injini inaguna kwa sauti moja nzito kutoka chini ya kilima hadi juu, wala haikukata pumzi.

Mguno ule ndio nimeufuatilia miaka hii yote.

Inabidi nirudi nyuma kidogo, hadi Japani ya miaka ya hamsini. Mwaka 1956 Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walizunguka Ulaya wakiangalia vipikipiki vidogo vya Ujerumani na Italia. Honda alikuwa fundi, Fujisawa alikuwa mtu wa biashara. Matokeo yake yalitoka Agosti 1958: Super Cub C100, cc 49, bei yen 55,000. Fujisawa alitaka chombo ambacho kijana wa mgahawa wa tambi aliyebeba sinia la chakula kwa mkono mmoja angeweza kukiendesha kwa mkono uliobaki. Ndiyo maana Super Cub haina mkono wa klachi. Klachi yake hujishika yenyewe injini ikiongeza mzunguko. Magurudumu yalikuwa makubwa, ya inchi 17, kwa sababu barabara nyingi za Japani wakati ule zilikuwa za vumbi na mashimo. Mbele ya miguu waliweka ngao ya plastiki ili tope lisimrukie mtu. Oktoba 2017 Honda walitimiza Super Cub milioni 100, na hakuna chombo kingine chenye injini kilichowahi kutengenezwa kwa wingi kiasi hicho.

Kwetu Super Cub haikushika sana. Nimeitaja kwa sababu ya yule kijana wa tambi. Pikipiki ilianza na mtu fulani, na mkono wake mmoja ulioshika sinia.

Jambo lilelile lilijirudia miaka ya sabini, safari hii nje ya Japani. Honda walikuwa wanauza Asia pikipiki yao ya cc 125 aina ya CB, yenye injini ya kisasa: kamshafti, ule mhimili unaozunguka na kuzifungua valvu, iko juu kabisa ya kichwa cha injini, inazungushwa na cheni. Ilikuwa injini nzuri mikononi mwa anayeitunza. Malalamiko yakaanza kurudi kwamba injini zinakufa mapema. Wangeweza kuchapisha kitabu cha maelekezo kilicho kinene zaidi na kuwaambia wateja wabadilishe oili kwa wakati. Badala yake wakatuma wahandisi waende kuangalia. Wakakuta kile ambacho mtu yeyote wa kijiweni angewaambia: pikipiki inabeba watu watatu na mzigo, oili inaongezwa badala ya kubadilishwa, kichujio cha hewa kimejaa vumbi, na chombo hakisimami kwa sababu siku kikisimama hakuna chakula.

Hapo ndipo uamuzi wao ulinigusa, nilipousoma mara ya kwanza. Honda ni kampuni iliyotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki mwaka 1961, katika cc 125 na cc 250 kwa pamoja. Kamshafti ya juu ilikuwa fahari yao. Kwa CG125 wakaiacha fahari hiyo. Wakaishusha kamshafti chini, karibu na oili, wakaizungusha kwa gia badala ya cheni, halafu wakapandisha vijiti viwili vyembamba vya chuma, virefu kama penseli, vikasukume roka zinazofungua valvu kule juu. Ulikuwa ni mfumo wa zamani. Mafundi wetu huuita pushirodi.

Faida yake utaielewa ukiwahi kuifungua injini iliyoungua. Kwenye injini ya kamshafti ya juu, oili ina safari ya kupanda hadi kileleni. Oili ikipungua au ikiwa nzito kama uji, kileleni ndiko kunakokauka kwanza, na kamshafti inajitafuna pamoja na alumini iliyoishikilia. Hapo kichwa kizima cha injini kimekwenda. Kwenye CG, kamshafti iko chini, jirani na oili, hata iliyobaki kidogo. Hakuna cheni ya kulegea huko ndani. Na fundi akifungua kichwa cha injini chini ya mwembe, akabadilisha gasketi, akarudishia, hana taimingi ya kuvuruga, yaani wakati wa valvu kufunguka na kufungwa, kwa sababu kamshafti hakuigusa. Hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote kwangu. Watu wale walimfikiria mwenye pikipiki, na wakamfikiria pia fundi asiye na kitabu.

Hata cheni ya nyuma waliifunika pande zote kwa kava la bati ili vumbi na mvua visiifikie. Nguvu yake ilikuwa ndogo tu, kama farasi 11. Haikuundwa ikimbie.

Brazil ndiko ilikopokelewa kama mtoto wa nyumbani. Honda walifungua kiwanda Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, mwaka huohuo wa 1976, na pikipiki ya kwanza kutoka humo ilikuwa CG125. Aliyeitangaza alikuwa Pelé. Mwaka 1981 wakatoa ya kutumia pombe ya miwa badala ya petroli. Pakistan nako imezaliwa upya kila mwaka kwa miongo kadhaa, stika mpya kwenye tenki lilelile. Lakini kufika kwetu ilipita njia nyingine.

Ilipita Chongqing, mji wa milima kando ya mto Yangtze. Miaka ya tisini mji ule ulijaa viwanda vya pikipiki: Lifan, Loncin, Zongshen na vingine vingi vidogo. Mwaka 1993 China ikawa nchi inayotengeneza pikipiki nyingi kuliko zote duniani. Baadhi ya viwanda vya nchi ile vilitengeneza CG kwa ubia na Honda wenyewe. Vingi viliifungua, vikapima kila kipande, vikaiga. Najua watu wanaoliita jambo hili wizi na kuishia hapo. Siwezi kuishia hapo, kwa sababu nimeona lilichozaa. Viwanda vilipoiga injini moja, vyote vilibaki ndani ya vipimo vilevile. Karakana moja ikatengeneza pistoni tu, nyingine kabureta tu, nyingine gia tu, na vyote vikaingiliana. Ndiyo maana duka la spea lenye upana wa mlango mmoja, pale stendi, liliweza kuhudumia pikipiki za majina kumi na tano. Muuzaji hakukuuliza jina la tenki. Aliuliza, "CG 125 au 150?" Ukamjibu, akanyoosha mkono nyuma yake bila hata kugeuka.

Spea zile zilikuwa za daraja mbalimbali, na nyingine zilikuwa mbovu kabisa. Nimeona ringi za pistoni zikiisha ndani ya miezi miwili. Nimeona spoku zikikatika moja baada ya nyingine kwenye njia ya mawe. Chuma kilikuwa dhaifu kuliko cha Mjapani, wala sitaki kuficha hilo. Lakini kilichoharibika kilipatikana mjini siku hiyohiyo, kwa bei ambayo dereva angeweza kuilipa kwa kazi ya siku chache, na kikafungwa na fundi wa mtaani kabla jua halijazama.

Upande wetu mambo yalijipanga kwa wakati uleule. Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zisizofika cc 250 mwaka 2008. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria mwaka 2010, baada ya vijana kuwa tayari wamejaa barabarani. Jina nalo lilikuja kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako zamani waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kwenye kile kipande cha ardhi kati ya vituo viwili vya forodha wakiita "boda! boda!" Baiskeli zikaondoka, mwito ukabaki.

Nirudi kwa baba mdogo. Mwaka 2012 aliugua mgongo, akampa kijana mmoja pikipiki aiendeshe kwa hesabu, apeleke fedha kila jioni. Kijana alikuwa mwaminifu kwa hesabu. Kwa oili hakuwa na habari. Injini ile hubeba karibu lita moja tu ya oili, na ikianza kuchoka huila taratibu, bila moshi wa kukutisha. Jioni moja akaja akiisukuma kwa mkono kutoka Himo. Fundi alipiga kiki mara moja tu, tukasikia kok, kok, kok kutoka chini. Akaizima. "Imenoki," akasema, kwa sauti ya daktari anayewaambia ndugu wa mgonjwa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nilishinda pale. Aliishusha injini, akaifungua, akazipanga nati kwenye kifuniko cha ndoo kwa mpangilio aliozitoa. Beringi ya konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni kwa chini, ilikuwa imegeuka bluu kwa joto. Pistoni ilikuwa na michirizi kama iliyokwaruzwa na paka. Halafu akanionyesha kamshafti. Akaifuta kwa kitambaa, akaishika juani. Jino lake moja, lile linalovisukuma vijiti vyote viwili, lilikuwa linang'aa laini kama kokoto ya mtoni.

"Unaona, dogo? Huyu hakuguswa."

Kijiti kimoja kilikuwa kimepinda kidogo. Alikiviringisha juu ya kioo cha dirisha ili nione kinavyorukaruka. Nikatumwa dukani: konrodi, pistoni na ringi zake, gasketi, pushirodi moja. Saa kumi jioni pikipiki iliunguruma. Baba mdogo alifika akijishika kiuno, nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yako kwenye bomba la moshi. Aliinamisha sikio karibu na silinda, akasikiliza muda mrefu, kisha akatoa fedha ya fundi bila kupunguza hata shilingi. Jumapili alfajiri ilipeleka watu kanisani.

Sasa naomba niseme lililo gumu, kwa sababu ningeandika sifa tupu ningekuwa nawadanganya wale waliolala wodini.

Wale wahandisi waliona watu wanapakia kupita kiasi, wakaifanya injini ivumilie. Walifanya vyema. Lakini breki za CG ni za kiatu ndani ya ngoma, mbele na nyuma, na zilikusudiwa watu wawili. Injini yenye uwezo wa kupandisha mshikaki wa watu wanne na gunia hadi kileleni haiwezi peke yake kuuzuia mzigo huo wakati wa kuteremka. Mlima uleule uliopandwa kwa gia ya kwanza lazima ushukwe. Injini ilisamehe kila kosa letu, nasi tukadhani chombo kizima kinasamehe.

Binamu yangu alikuwa akiteremka na abiria wawili, msimu wa masika mwaka 2014. Kwenye kona ya chini ya shule kuna maji yanayokatisha njia mvua ikinyesha. Viatu vya breki vilivyolowa havishiki mara moja; vinahitaji sekunde mbili tatu vikauke. Hakuwa nazo. Aligonga ukingo wa daraja. Abiria walitoka na michubuko, yeye mfupa wa paja ulivunjika mara mbili. Miezi saba alikaa kitandani na chuma mguuni. Wodi aliyolazwa ilikuwa na vijana watupu, miguu imening'inizwa, na kila mmoja ukimuuliza alikuwa na jibu la neno moja: pikipiki. Anatembea leo, anachechemea, na ukikaa naye hatakulaumu ukipanda bodaboda. Atakuuliza tu kama umevaa helmeti, na umeifunga kamba yake.

Tangu siku ile sikubali mtu aniambie kwamba ajali ni uzembe wa vijana peke yake. Uzembe upo. Lakini upo pia ukweli kwamba chombo kiliboreshwa upande mmoja wa safari, na upande wa pili tukaachiwa wenyewe.

Miaka hii ukienda kijiweni kwetu utaona CG ni chache. Boxer za kampuni ya Bajaj na HLX za TVS ndizo zilizojaa, zote kutoka India. Boxer ina ukoo wa Kawasaki, kwa kuwa Bajaj walishirikiana na Wajapani hao kwa miaka mingi kabla ya kuileta Afrika. Injini zao zina kamshafti ya juu na cheni, ule mfumo uleule ulioshindwa Asia miaka ya sabini. Imewezekanaje? Nimewauliza madereva, na jibu la kwanza siku zote ni mafuta: Boxer inanusa petroli, haiinywi. Dereva anayelaza kilomita mia kwa siku anaiona tofauti hiyo mfukoni kabla hajafika nyumbani. Jibu la pili nimelitoa kwa mafundi. Chuma cha Mhindi ni kigumu zaidi, na madereva wenyewe wamebadilika. Miaka ile kijana alijifunzia pikipiki siku aliyokabidhiwa. Siku hizi mwenye mkataba, anayelipa kila siku ili mwisho wa mwaka na nusu chombo kiwe chake, anabadilisha oili kwa tarehe aliyoiandika kwa kalamu ya wino kwenye kava la pembeni. CG zilitulea katika miaka yetu ya ujinga. Tulipojua kutunza, tukaweza kuhamia kwenye injini inayohitaji kutunzwa.

Na hakuna hata moja kati ya hizo, iwe ya Japani, China au India, iliyokuwa imekamilika ilipotoka kwenye boksi lake. Nenda kwa wachomeleaji siku ambayo mtu amenunua mpya. Kabla haijabeba abiria, inawekewa bampa la nondo kulinda miguu na injini. Keria ya kiwandani inatupwa, inachomelewa nyingine ndefu. Siti inapelekwa kwa fundi cherehani wa siti, inaongezwa sponji, inashonwa upya kwa rangi mbili. Shokapu za nyuma zinaongezewa springi. Kwenye madigadi ya nyuma unaning'inizwa mpira wenye maandishi, jina la mtoto au aya ya Zaburi. Kazi iliyoanzwa na wale wahandisi wa kwenda kuangalia inamaliziwa hapa, na mtu mwenye mashine ya kuchomelea na miwani ya jua.

Mwaka jana nilikwenda Kigali, nikapanda pikipiki ya umeme ya Ampersand. Haina mguno wowote. Unasikia tairi na upepo. Tulisimama kwenye kituo chao, motari, dereva wa bodaboda wa kule, akachomoa betri iliyoisha, akachomeka iliyojaa, tukaondoka kabla sijamaliza kujibu ujumbe kwenye simu. Nilifurahi sana, nisiseme uongo. Lakini njia nzima nilikuwa namwona baba mdogo kwenye kile kilima, na kiroba, na mama, na mtoto, na mkungu. Nilitamani kujua kama kuna mhandisi wa umeme aliyekwisha kuketi juu ya jiwe pale kwenye njia ya masale, siku ya soko, masika, akahesabu kinachopita. Kigali ina vilima na ina lami. Sisi tuna vilima. Akija, nitamwonyesha pia ile kona ya chini ya shule, aione ikiwa na maji.

Toyo ya baba mdogo haijafa. Haibebi abiria tena. Inapandisha mabua ya mahindi na majani ya ng'ombe kutoka shamba la tambarare. Tenki halina stika yoyote, limebaki bati na kutu. Krismasi iliyopita, tulipopanda nyumbani kama ilivyo desturi yetu, nilimkuta ameiegesha chini ya mparachichi, ameitoa kofia ya tapeti. Macho yake hayaoni vizuri karibu, akanipa spana ndogo na bisibisi.

"Shika wewe. Zungusha flaiwili mpaka alama ya T ifike."

Nafasi inayotakiwa pale, kati ya roka na valvu, ni milimita 0.08, pungufu ya unene wa karatasi. Tuliipima kama fundi alivyotufundisha, kwa kuishika roka kwa vidole viwili na kuitikisa, hadi uhisi kuna kijinafasi kinachohisiwa na ngozi tu, macho hayakioni. Nikakaza nati ya kwanza, nikakaza ya pili. Aliweka kidole chake juu ya changu, akatikisa, akatikisa tena.

"Hapo," akasema. "Funga."

Alipiga kiki mwenyewe. Ya kwanza haikuwaka. Ya pili ikashika, ikaguna, na kuku waliokuwa chini ya mgomba wakakimbia.